Mapumziko ya visiwani Uholanzi: nilimpeleka mjomba wangu mvuvi kutembea juu ya bahari iliyokupwa

Mtoto wa Pangani (mleta mada)

Wakuu habari za leo.

Kuna mdau aliwahi kuuliza humu kama Uholanzi kuna pwani ya maana ya kupeleka familia, majibu yote yakawa Amsterdam, mara maua, mara vinu vya upepo. Niliahidi nikipata nafasi nitaandika. Leo mvua imenifungia ndani, basi kaeni vizuri.

Mimi naishi Groningen, kaskazini huku, mwaka wa 7 sasa. Mwezi wa 6 mjomba wangu alikuja kunitembelea. Mzee ana miaka 66, amevua Pangani tangu hajaota ndevu. Siku za mwanzo nilimzungusha mjini, akawa ananifuata kwa adabu tu kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua. Siku ya nne akaniuliza, "Hivi mjomba, hawa watu bahari yao wameiweka wapi?" (Sisi tunaitana mjomba wote wawili, msichanganyikiwe.)

Nikampakia kwenye gari hadi Holwerd, mwendo wa saa moja na kidogo. Ukifika unaona tuta refu la majani, kondoo wanalisha juu yake, bahari huioni. Mzee akapanda tuta lile, akasimama juu, akanyamaza. Mbele yake tope la kijivu linang'aa mpaka macho yanakoishia, vijito vinapindapinda, ndege maelfu wanadonoa. Maji hakuna. Akashuka upande wa pili, akachuchumaa, akachota tope kwa vidole viwili, akalinusa. Akasema, "Imekupwa. Hii naijua."

Wakuu, mzee alichangamka kuanzia dakika ile mpaka nampeleka uwanja wa ndege.

Hiyo ndiyo Waddenzee. Ni bahari ya kina kifupi kati ya bara na mstari wa visiwa, inaanzia Uholanzi, inapita Ujerumani mpaka Denmark. UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2009, upande wa Denmark ukaongezwa 2014. Kwa Uholanzi visiwa vyenye watu ni vitano: Texel, Vlieland, Terschelling, Ameland na Schiermonnikoog. Watoto wa shule wanavikariri kwa herufi za mwanzo, TVTAS, kutoka magharibi kwenda mashariki.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui: maji yakipwa, unaweza kutembea kwa miguu juu ya sakafu ya bahari. Wenyewe wanaita wadlopen, yaani kutembea kwenye wad, hilo tope la bahari iliyokupwa. Wapo wanaovuka kabisa kutoka bara hadi kisiwani, Ameland au Schiermonnikoog, kilomita kumi na ushee za tope na maji. Na sisi tulitembea hivyo, ila tulichukua ile fupi ya saa tatu.

Naendelea, ngoja nichemshe chai.

Kijiwe Namba 4

Nimeweka kambi hapa. Mleta mada usituache njiani kama wale wa "itaendelea".

Mzee wa Hoja

Yaani mtu aache Nungwi, aache Mafia, aache Kilwa, akalipe nauli kwenda kuoga matope kwa wazungu? Kuna watu mna hela za kuchezea.

Bi Nasra

Mzee wa Hoja subiri kwanza mtu amalize. Na hakusema mtu atoke Nungwi, kuna sisi tuliopo huku tayari na watoto wanafunga shule wiki sita.

Mtoto wa Pangani

Asante Bi Nasra. Mzee wa Hoja nakujibu mbele.

Kabla ya kutembea unapewa masharti ya viatu. Viatu vya mpira vya mvua hapana, sandali hapana, peku hapana. Wanataka raba za kitambaa za kufunga kamba zinazopita kifundo cha mguu, tena zibane. Mjomba alikuja na kandambili na viatu vya Ijumaa, basi. Tukaenda kwenye maduka ya mitumba, maana hata hawa wenyewe wanayo, yanaitwa kringloop. Mzee alicheka mpaka akashika ukosi wa shati. "Kumbe mitumba yetu nyinyi mnaichagua mkiwa chanzoni!" Tukapata raba za euro 4, nyekundu, zimeandikwa namba ya mchezaji wa kikapu.

Kiongozi alikuwa mama mmoja wa makamo, fimbo ndefu mkononi, redio ya upepo kifuani, kamba begani. Kuvuka bila kiongozi mwenye kibali hairuhusiwi, na ukiona mahali penyewe unaelewa. Huku ardhi ni bapa kupita kiasi, kwa hiyo maji yakirudi hayaji na wimbi la kukutisha kutoka mbele. Yanajaza kwanza vile vijito ulivyovipita nyuma. Wewe bado umesimama pakavu unapiga picha, huku njia ya kurudi imeshakuwa mto. Ukungu ukishuka ndiyo kabisa, hujui bara iko wapi.

Mjomba alimuuliza kupitia kwangu, maji yanapanda kiasi gani? Akajibu hapa mita 2 na zaidi. Mzee akanitazama. Kwetu bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inapita mita 3 na nusu! Akavimba kichwa kidogo. Lakini baadaye akakubali mwenyewe: kwetu maji yanashuka sana ila yanakwenda karibu, huku yanashuka kidogo yanakwenda mbali.

Mita mia mbili za mwanzo ndizo zenye kazi. Karibu na tuta tope ni laini kama uji wa mgonjwa, linakufika magotini. Tulikuwa watu kama ishirini, wengi vijana wa chuo. Kijana mmoja mrefu akasimama kujiweka sawa, ndiyo ikawa kosa lake. Kila akivuta mguu wa kulia wa kushoto unazama. Akakaa kitako. Kila mtu anacheka, naye anacheka, lakini hatoki. Mjomba akapita kando yake kwa hatua fupifupi za haraka, magoti yamekunjwa, hakanyagi kwa kisigino, anapita kama kware. Akageuka, akampa yule kijana mkono, akamwambia kwa Kiswahili "Lala mbele, vuta kidole kwanza." Sijatafsiri. Yule kijana akalala mbele, akavuta, akatoka.

Kiongozi akaniuliza huyu mzee ametembea wad wapi? Nikamwambia kwenye mikoko, mto Pangani.

Ukitoka kwenye tope unaingia kwenye mchanga mgumu wenye mikunjo, unatembea raha mstarehe. Kila mahali kuna vijilima vidogo kama tambi zilizokaangwa zikamwagwa, hicho ni kinyesi cha minyoo inayokula mchanga. Mzee akafukua mmoja kwa mkono, mnene kama kidole, akauonyesha kikundi kizima: "Chambo!" Kiongozi akamwambia kwa Kiholanzi ndiyo, hata huku wavuvi wanautumia hivyo hivyo, halafu akamwomba aurudishe. Akaurudisha.

Tulisimama mahali pamoja mbali na bara, kiongozi akatuomba tunyamaze dakika moja. Unasikia mlio wa chinichini, kama soda inayoisha gesi. Ni vijidudu vya topeni maji yakipwa. Nina miaka 7 hapa na nilikuwa sijawahi kuusikia.

Kijiwe Namba 4

"Lala mbele, vuta kidole kwanza" 😂😂 mzee anatoa maelekezo kwa Kiswahili Ulaya na yanafuatwa.

Msafiri wa Mida

Mimi niko Watamu, Kenya. Hao ndege unaosema wanadonoa tope nawajua, ni akina kitwitwi na sululu. Hapa Mida Creek huanza kuonekana wengi kuanzia Agosti na Septemba, wakae mpaka Aprili. Ni wale wale?

Mtoto wa Pangani

Kiongozi aliligusia hilo ndugu yangu. Aina nyingi ni moja, ila makundi na njia ni tofauti. Wanaopita hapa Waddenzee wengi hushuka na pwani ya magharibi, mpaka Mauritania na kuendelea. Hesabu wanayotaja ni ndege milioni 10 hadi 12 kwa mwaka wanaopita hapa kujaza tumbo. Wa kwenu huko Mida wengi wanashuka kutoka Siberia kwa njia ya mashariki. Ni kama ndugu wa baba mmoja waliopangishwa nyumba mbili.

Mzee wa Hoja

Bado sijajibiwa. Wapi bahari ya kuoga?

Mtoto wa Pangani

Haya mkuu. Bahari ya kuoga ipo, upande wa kaskazini wa kila kisiwa, inatazama Bahari ya Kaskazini yenyewe. Mchanga mweupe, mpana. Schiermonnikoog ufuko wake ni kati ya mipana zaidi Ulaya, unatembea mpaka unachoka kabla hujafika majini. Lakini nisikudanganye: mwezi wa 6 maji yana nyuzi 16 au 17. Mjomba aliingia mpaka magotini, akasimama, akatamka shahada, akatoka. Agosti yanapanda kidogo, 19 hivi, na wazungu ndipo wanajaa.

Kwa hiyo aliyezoea Nungwi akija hapa kutafuta maji ya uvuguvugu amepotea njia. Sikumleta mjomba kuoga. Nilimleta aone watu wengine wanavyoishi na kupwa na kujaa, na hicho alikipata kwa wingi kuliko nilivyotegemea.

Bi Nasra

Mimi naongezea la Texel kwa wenye watoto maana tumekwenda mara tatu. Ni kikubwa kuliko vyote na ndicho rahisi kukifikia. Treni kutoka Amsterdam mpaka Den Helder, basi fupi mpaka bandarini, kivuko dakika 20 umefika. Kampuni ya kivuko inaitwa TESO, wenyeji wa kisiwa walichanga hisa wakaianzisha 1907 baada ya kuchoshwa na kampuni ya nje iliyokuwa inavusha watu, mpaka leo hisa ni za kwao. Nauli ya mtu kwa miguu ni kidogo mno, huwezi kuamini ni Uholanzi.

Watoto wangu wanapenda Ecomare, pale sili wagonjwa na waliopotezana na mama zao wanatibiwa halafu wanarudishwa baharini. Kuna pia De Slufter, mahali bahari imetoboa mstari wa vilima vya mchanga ikaingia ndani. Mwezi wa 7 na 8 panajaa maua ya zambarau. Na kondoo! Majira ya kuchipua, wakizaa, kondoo wanazidi watu.

La chakula: nyama ya kondoo ya Texel inasifiwa sana, lakini halali kisiwani hujaipata kirahisi. Mimi nanunua nyama bara, naigandisha, naweka kwenye boksi la barafu. Mchana tunakula kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga, uliza tu mafuta yanakaangia nini kingine. Kuvaa stara ufukweni hakuna aliyenisemesha neno, upepo wenyewe unawalazimisha wote wajifunike.

Kwale Junior

Bi Nasra hapo kwenye upepo nimecheka. Wakuu, gharama jamani. Na malazi?

Mtoto wa Pangani

Wad tulilipa kama euro 20 kwa kichwa. Baiskeli ya kukodi ni kati ya euro 10 na 15 kwa siku, ya umeme inazidi, na kwa upepo huu ukiwa na umri usione aibu kuchukua ya umeme. Kinachokula pesa ni malazi. Hoteli mwezi wa 7 na 8 ni moto, na tangu Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani kwenye malazi imepanda kutoka asilimia 9 kwenda 21. Viwanja vya kupiga hema vimebaki 9. Kwa hiyo hema, au vile vibanda vya mbao vinavyoitwa trekkershut, kitanda na meza tu, choo cha pamoja. Sisi tulilala kwenye hicho. Kujipigia hema porini au ufukweni usithubutu, ni marufuku nchi nzima na faini ipo.

Gari liacheni bara. Vlieland na Schiermonnikoog mgeni haruhusiwi kabisa kuingia na gari, na kwingine kote kulivusha ni ghali.

Muuguzi Huru

Nafanya kazi hospitali huku kaskazini. Watu wanaogopa bahari kumbe kinachowaleta kwangu ni kupe. Kwenye majani marefu na vichaka vya vilimani wapo. Jioni kagueni watoto kwapani, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio. Ukimkuta mng'oe kwa kibano taratibu, usimpake mafuta wala moto. Andika tarehe. Wiki chache mbele ukiona duara jekundu linalokua pale alipouma nenda kwa daktari, ni ugonjwa wa Lyme na unatibika kwa antibayotiki. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, angalia alama inayotanuka hata kama ni ya rangi ya zambarau au kahawia.

Na upande wa mawimbi oga kwenye bendera nyekundu na njano tu, hapo wapo waokoaji. Kuna mikondo inayovuta kwenda nje. Ikikuchukua usishindane nayo, iache ikupeleke halafu ogelea kwa upande.

Mtoto wa Pangani

Muuguzi umenikumbusha. Mjomba alipatikana na kupe mmoja, akamwita "mwenyeji".

Namalizia Ameland. Kivuko kinatoka Holwerd, kwenye ratiba dakika 50 hivi. Chetu kilichelewa. Ile njia ya maji inajaa tope kila siku, meli za kuchimba zinafanya kazi karibu mfululizo na bado kivuko kinapinda kama nyoka kikitafuta kina. Abiria wengine wakalalamika, mjomba alikuwa amesimama kwenye reli anamsifia nahodha kila kona.

Tukashukia kijiji cha Nes, tukachukua baiskeli. Njia zina vibao vya namba, unaandika namba zako kwenye karatasi unafuata, huhitaji simu. Shauri langu: asubuhi enda dhidi ya upepo, mchana urudi nao. Mara nyingi unatoka kusini magharibi. Sisi tulifanya kinyume, tukaenda Buren kama tumetweka tanga, kurudi mzee akashuka akaikokota baiskeli kilomita mbili akisema hii si kusi, huu ni ugomvi.

Kesho yake tukaenda Hollum. Pale kuna mashua ya uokoaji ambayo zamani ilivutwa na farasi mpaka majini, na mpaka leo mara kadhaa kwa mwaka wanaitoa watu waone. Tarehe 14 Agosti 1979 walipoitoa kwa kazi kweli, farasi wanane walizama. Wamezikwa palepale vilimani, kaburi lipo na jiwe lake. Mjomba alivua kofia. Aliniuliza mara mbili kama ni farasi kweli au nimetafsiri vibaya. Tulikaa pale muda mrefu. Yeye alipoteza wenzake wawili mwaka ambao mimi sijazaliwa, na hakuna jiwe, maana hawakuonekana.

Kijiwe Namba 4

Daah.

Mzee wa Hoja

Pole kwa mzee. Mkuu nimekuelewa. Swali la mwisho kutoka kwangu, mtu akitokea Dar viza ikoje?

Bi Nasra

Ni Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, siku 90 ndani ya 180. Ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Malazi ya visiwani weka kwenye maombi kabisa, ukiandika hema waeleze ni kiwanja kipi, usiandike "ufukweni".

Kwale Junior

Na swala mlikuwa mnafanyaje? Nasikia kiangazi jua halizami.

Mtoto wa Pangani

Linazama, ila kwa kujivuta. Jioni ya kwanza kisiwani tumemaliza kula, mzee kakaa nje ya kibanda na mkeka, anasubiri Maghrib. Saa mbili, jua lipo. Saa tatu, lipo. Akaniita, "Mjomba, saa yako ni nzima?" Ilipofika saa nne na dakika saba usiku ndipo likaingia baharini. Akaadhini kwa sauti ya chini. Jirani yetu wa kibanda cha pili, mzee wa Kiholanzi na mbwa wake, akazima redio mpaka tukamaliza. Asubuhi akatuletea karatasi: jedwali la kupwa na kujaa la mwezi mzima, kalizungushia kalamu siku za bamvua. Mjomba kaenda nalo Pangani. Juzi kanitumia picha, kalibandika ukutani karibu na la kwake mwenyewe, anasema analinganisha.

Msafiri wa Mida

Mwambie na la Mida nitamtumia.